Jinsi ya kumlinganisha ngamia na nyuki wa Bombus

Daftari langu la kwanza la ulinganisho lina ukurasa mmoja ambao sijauchana hadi leo. Kushoto niliandika "Ngamia", kulia "Nyuki wa Bombus", kisha nikashuka mstari baada ya mstari: miguu minne, miguu sita, hana mabawa, ana mabawa manne, huzaa, hutaga. Mistari 23, yote ya kweli. Mwalimu aliyekuwa akinisomea kazi zangu aliimaliza yote, akafunga daftari na kuniuliza, "Sasa wewe ulitaka kujua nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza upya, na tangu hapo nimeandika ulinganisho wa viumbe wengi, lakini jozi hii naipenda kuliko zote. Nitakuonyesha ninavyoifanya, hatua kwa hatua, pamoja na sehemu ambazo watu wengi hujikwaa.

Taja spishi kwanza

"Ngamia" peke yake hatoshi. Yupo mwenye nundu moja, Camelus dromedarius, wa majangwa ya joto, na yupo mwenye nundu mbili wa Asia ya kati, ambaye majira yake ya baridi yana theluji. Ukichanganya takwimu za hawa wawili, kazi yako yote kuhusu joto imeharibika. Mimi namtumia wa nundu moja.

Upande wa nyuki tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu jenasi ya Bombus ina spishi takriban 260. Ni nyuki wanene, mwili mzima umefunikwa na vinyweleo vingi, na wengi wao wanaishi nchi za baridi, milimani na kaskazini hadi karibu na ncha ya dunia. Kusini mwa Sahara hakuna Bombus wa asili. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili watamfikiria mara moja, ni wa jenasi nyingine, Xylocopa. Fumbatio lake, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, linang'aa kwa juu kwa kukosa vinyweleo. Mweleze msomaji wako jambo hilo mapema, la sivyo atasoma kurasa zote akiwa na mdudu mwingine kichwani. Mimi namtumia Bombus terrestris wa Ulaya, kwa kuwa amechunguzwa sana.

Wala usikope habari za nyuki wa asali kujazia mapengo. Nyuki wa asali huvuka majira ya baridi kundi zima pamoja, wakila akiba yao. Kundi la Bombus terrestris huisha mwaka unapoisha. Malkia wapya tu ndio wanaobaki, kila mmoja amejichimbia ardhini peke yake, akisubiri majira yabadilike.

Chagua swali ambalo wote wawili wanalijibu

Siri yote iko hapa. Viumbe walio mbali kiasi hiki hawalinganishwi kwa sura. Wanalinganishwa kwa shida wanayoishi nayo. Jiulize: ni tatizo gani ambalo ngamia na nyuki wote wanalazimika kulitatua kila siku, na asiyelitatua anakufa?

Jibu langu ni joto. Ngamia anaishi mahali ambapo hewa ya mchana inaweza kuwa na joto kuliko mwili wake, na maji ya kutolea jasho ni haba. Nyuki wa Bombus anaishi mahali ambapo asubuhi ni ya baridi mno kwa misuli yake kurusha mwili, na maua hayamsubiri jua lipande. Mmoja anahangaika joto lisimwingie, mwingine anahangaika lisimtoke. Ukiliandika swali kwa sentensi moja juu ya ukurasa, utashangaa jinsi mistari 23 inavyopukutika yenyewe. Idadi ya miguu haihusiki tena. Unene wa manyoya unahusika sana.

Fanya hesabu ya ukubwa kabla ya kuandika chochote

Chukua ngamia wa kilo 500 na malkia wa nusu gramu. (Malkia wengi wa Bombus terrestris wanapita uzito huo, lakini nusu gramu inarahisisha hesabu.) Kilo 500 ni gramu 500,000. Gawa kwa nusu gramu: ngamia ni mzito mara milioni moja.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka. Mwili ukikua, uzito unaongezeka haraka kuliko eneo la ngozi. Kwa miili yenye umbo linalokaribiana, uzito ukiongezeka mara milioni, eneo la nje linaongezeka mara elfu kumi tu. Maana yake, kila gramu ya nyuki ina eneo la nje kubwa mara mia moja kuliko gramu ya ngamia. Ngamia na nyuki hawafanani umbo, kwa hiyo mia hiyo ni ya makadirio, lakini inatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo. Joto huingia na kutoka kupitia eneo la nje. Nyuki ni kama tone la chai lililoanguka mezani: linapoa kabla hujalifuta. Ngamia ni pipa zima la maji ya moto.

Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini ngamia anaweza kutumia ukubwa wake kama ghala, na kwa nini nyuki hana ghala la namna hiyo hata kidogo. Iandike karibu na mwanzo wa kazi yako. Mambo mengi yanayofuata yanaitegemea.

Uliza kipimajoto kiliwekwa wapi, na saa ngapi

Ukiandika "joto la mwili wa ngamia ni nyuzi 37" utakuwa umesema kitu kisicho kamili. Knut Schmidt-Nielsen, mwanafiziolojia aliyewachunguza ngamia huko Béni Abbès, Algeria, mwaka 1953 na 1954, aligundua kwamba ngamia anayepata maji kila siku hupanda na kushuka kwa nyuzi kama mbili tu. Akinyimwa maji, anaachia. Asubuhi anaweza kuwa nyuzi 34, na jioni kupita 40. Badala ya kutoa jasho ili abaki palepale, anaacha mwili upate moto mchana kutwa, kisha usiku analitoa joto lile kwenye anga baridi, bure, bila kutumia tone la maji.

Weka namba, kwa kuwa namba ndizo zinazogusa. Kilo 500 zikipanda nyuzi 6, na tishu za mwili zikihitaji kama kilokalori 0.8 kwa kila kilo kwa kila nyuzi, mwili umehifadhi takriban kilokalori 2,400. Kuvukiza lita moja ya jasho huondoa kama kilokalori 580. Kwa hiyo ngamia ameokoa lita nne na ushei kwa siku moja, kwa kukubali tu kupata moto.

Kwa nyuki, swali la "wapi" linazidi lile la "saa ngapi". Mwili wake hauna joto moja. Kifua, chenye misuli ya mabawa, kinaweza kuwa na nyuzi 35 huku fumbatio likiwa na joto linalokaribia lile la hewa ya nje. Hawezi kuruka mpaka kifua kifikie karibu nyuzi 30. Akiamka kwenye baridi, anaitetemesha misuli ya kurukia bila mabawa kupiga. Ukimtazama utadhani ametulia tu, kumbe ndani anaunguza sukari kwa kasi kubwa. Dakika kadhaa baadaye anaondoka.

Mfanyie hesabu ileile. Tuseme kifua kina gramu 0.2, na anakipandisha kutoka nyuzi 10 hadi 35. Hiyo ni kalori 4. Kalori ndogo, zile ambazo elfu moja hufanya kilokalori moja. Miligramu moja ya sukari ina nishati kama hiyo. Gharama halisi inazidi hapo, maana kifua kinapoteza joto wakati uleule kinapolitengeneza, lakini sasa msomaji anaweza kuona: punje moja au chache za sukari ndizo tofauti kati ya nyuki aliye hewani na nyuki aliyekwama kwenye jani.

Tazama pia kinachotokea ukigawa kwa gramu. Ngamia anaongeza karibu kalori 5 kwa kila gramu ya mwili, kwa muda wa mchana mzima. Nyuki anaongeza kalori 20 kwa kila gramu ya kifua, kwa muda wa dakika kadhaa tu. Bila kugawa kwa gramu, ngamia angeonekana ndiye mwenye joto jingi, na msomaji angetoka na picha iliyopinduka.

Mikondo inayopishana: kaa hapa muda mrefu

Kama una nafasi ya kueleza jambo moja tu kwa kina, chagua hili.

Kati ya kifua na fumbatio la nyuki pana kiuno chembamba. Damu baridi kutoka kwenye fumbatio inapita humo kwenda mbele, na damu ya moto kutoka kifuani inapita humohumo ikirudi nyuma. Zinapishana zikiwa karibu sana, na joto linahama kutoka ya moto kwenda kwenye ya baridi, hivyo linarudishwa kifuani kabla halijafika nyuma. Bernd Heinrich, mtafiti wa wadudu, ndiye aliyeeleza utaratibu huu kwa nyuki wa Bombus katika miaka ya 1970. Aliona pia upande wa pili: nyuki akipata moto kupita kiasi, anabadili mapigo. Damu haipishani tena kwa wakati mmoja. Inapita kwa zamu, ya moto ikienda nyuma, kisha ya baridi ikija mbele. Zisipokutana, joto halirudishwi. Linafika kwenye fumbatio, ambalo upande wake wa chini una vinyweleo vichache, na hapo linatoka nje.

Kwa ngamia, watu hukimbilia pua. Ni mfano mzuri, ila uelewe vizuri kabla ya kuutumia. Ndani ya pua yake mna mifupa myembamba iliyojikunja, yenye eneo kubwa. Usiku, ngamia mwenye kiu anavuta hewa baridi na kavu, na kuta za pua zinapoa. Anapotoa pumzi, hewa ya joto na unyevu kutoka mapafuni inapita juu ya kuta zilezile zilizopoa, inapoa nayo na kuacha sehemu kubwa ya maji yake humo badala ya kuyapeleka nje.

Nilikuwa naandika kwamba pua ya ngamia na kiuno cha nyuki "vinafanya kazi ileile". Siku moja nilichora michoro miwili kando kwa kando, mishale nyekundu kwa kinachotoka moto na ya buluu kwa kinachotoka baridi, nikaona nimekosea. Katika pua, hewa inaingia na kutoka kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo inayofanya kazi iwezekane, kwa kuwa ukuta unakumbuka ubaridi wa pumzi iliyopita. Katika kiuno cha nyuki, zamu ndiyo inayovunja kazi. Kitu kilekile, kupishana kwa zamu, kinahifadhi kwa mmoja na kuachia kwa mwingine! Nilikaa na michoro ile jioni nzima.

Jozi sahihi ya kiuno cha nyuki, kwa hiyo, si pua. Ni wavu wa vijishipa ulio chini ya ubongo wa ngamia. Hapo ateri inayopeleka damu kichwani inagawanyika vipande vingi vyembamba, vinavyozungukwa na damu ya vena iliyopozwa puani. Damu ya moto inapanda, damu iliyopoa inashuka, zinapishana kwa wakati mmoja, na ubongo unapata damu yenye joto pungufu kuliko ile ya mwili. Nyuki anatumia mpishano kuzuia joto lisitoke kwenye kiungo kimoja. Ngamia anautumia kuzuia lisifike kwenye kiungo kimoja. Chora. Maneno peke yake hayatoshi hapa, na mchoro utakukamata unapokosea, kama ulivyonikamata mimi.

Majina yanayofanana yasikuhadae

Nimetumia neno "damu" kwa wote wawili, na lazima nilirekebishe. Damu ya ngamia inakaa ndani ya mishipa iliyofungwa na kubeba oksijeni kwa seli nyekundu, ambazo kwake yeye zina umbo la yai na zinaweza kuvimba sana bila kupasuka pale anapokunywa maji mengi kwa mkupuo. Kimiminika cha nyuki hakina kazi ya kusambaza oksijeni. Hewa inafika kwenye misuli kupitia mirija inayoanzia kwenye vitundu vya ubavuni. Kwa swali la joto, vimiminika hivi viwili vinalinganishika, kwa sababu vyote vinabeba joto. Kwa swali la pumzi, havilinganishiki hata kidogo. Andika waziwazi ni kwa swali lipi unalinganisha.

Manyoya ni vilevile. Ya ngamia yametengenezwa kwa keratini, kama kucha. Vinyweleo vya nyuki ni vya kaitini, kama gamba lake lote. Hakuna babu wa pamoja aliyewarithisha. Kila ukoo ulivipata kivyake. Hata hivyo kazi inafanana kwa namna inayopendeza. Schmidt-Nielsen alimnyoa ngamia mmoja, na ngamia yule akapoteza maji karibu nusu zaidi ya wenzake. Sufu ni kinga dhidi ya jua, ingawa sisi tukiivaa tungesema inatupa joto. Nyuki naye anavaa vinyweleo vizito zaidi kifuani, penye tanuri lake.

Maji

Hapa tofauti ni kali na inaelezeka haraka. Ngamia anavumilia kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake, na mkojo wake ni mzito na kidogo. Nyuki anaishi kwa mbochi ya maua, ambayo ni sukari ndani ya maji, na kuunguza sukari hiyo kunazalisha maji mengine. Kwenye hewa baridi, nyuki anayeruka huwa na maji kupita mahitaji na lazima ayamwage. Ukitaka kufuta ile dhana kwamba nundu ni tangi la maji, hapa ndipo mahali pake: nundu ni mafuta, yaani ghala la chakula.

Amua unalinganisha mmoja au kundi

Ngamia mmoja ni kiumbe kamili kwa swali la joto. Nyuki mmoja je? Akiwa hewani, ndiyo. Akiwa kiotani, mambo yanabadilika. Mwanzoni mwa msimu malkia yuko peke yake. Anayalalia mayai na mabuu, fumbatio limebanwa juu yao, akitetemesha misuli ya kifua na kuliacha joto lishuke nyuma, ili watoto wabaki karibu nyuzi 30. Chungu kidogo cha nta chenye mbochi kiko mbele yake, anakunywa bila kuinuka. Wafanyakazi wakishaanguliwa na kufikia mamia, kiota kizima kinalinda joto lake, na sasa kina uzito na eneo tofauti kabisa na vya mdudu mmoja. Rudia ile hesabu ya eneo kwa gramu ukitumia kiota kama mwili mmoja, utaona kwamba kundi limejipatia kwa wingi wake faida ambayo ngamia anazaliwa nayo.

Mimi huandika sehemu mbili: nyuki hewani dhidi ya ngamia mchana, kisha kiota dhidi ya ngamia usiku. Usizichanganye katika aya moja.

Kama swali la joto halikuvutii, lipo lingine zuri: safari zao mikononi mwa watu. Ngamia wa kwanza alifikishwa Australia mwaka 1840, na leo wazao wa waliofuata wanazurura huko porini, wakati katika nchi zake za asili ngamia wa nundu moja wa porini alitoweka zamani sana. Bombus terrestris alipelekwa New Zealand kutoka Uingereza mwaka 1885 ili achavushe klova nyekundu, mmea wa malisho, na alipofikishwa Chile miaka ya 1990, spishi ya huko, Bombus dahlbomii, ilianza kupungua vibaya. Hilo ni swali la pekee na linahitaji ukurasa wake.

Jaribio la mwisho kabla hujaikabidhi kazi

Chukua rasimu yako na kalamu nyekundu. Kwenye kila sentensi, ondoa "ngamia" weka "tembo", ondoa "nyuki" weka "siafu". Ikibaki kweli, ifute. "Ngamia ni mkubwa kuliko nyuki" inaanguka mara moja. "Ngamia ana uti wa mgongo na nyuki hana" inaanguka. "Wote wanahitaji maji na chakula" inaanguka, na inapaswa kuanguka.

Kwenye rasimu yangu ya mwisho, kurasa nne zilibaki mbili na nusu. Sentensi niliyoifurahia kuliko zote ilibaki nzima: ngamia anaacha joto limpande mchana ili asitumie maji, na nyuki anaunguza sukari alfajiri ili ayafikie maua yenye sukari.